DAMU YA MTOTO IPIMWE KWANZA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Nakuru na akina mama wa landi



Tumezoea kukutana kwa habari ya mishahara, saa za kazi, nyumba na viatu. Leo tumepewa nafasi kusema habari nyingine, na twajua wako watakaouliza: Chama na damu ya watoto, wapi na wapi? Tunawaomba mtusikilize mpaka mwisho, ndipo mtuulize. Sisi si madaktari. Sisi ni watu wa reli, na elimu yetu ni ile ya shule ya msingi ya misheni. Mambo haya tumeyauliza kwa waganga na wauguzi, tukayasoma, tukayauliza tena mpaka tukayaelewa. Tukaona kwamba ni mambo ya mfanya kazi hasa, maana yanagusa mfuko wake, zamu yake na mtoto wake.

Tuanze na jambo la aibu, maana ni letu wenyewe.

Mwenzetu mmoja wa genge la njia alikuwa na mtoto wa miaka minne. Mtoto huyo alikwenda na mama yake Muhoroni kwa matanga ya babu yake, wakakaa siku kumi, wakarudi Nakuru. Baada ya juma moja hivi mtoto akashikwa na homa jioni. Asubuhi homa ikashuka, akacheza na wenzake. Jioni ikarudi. Baba yake alipotuuliza kazini, sisi wenzake tulimjibu kwa vinywa vyetu wenyewe: "Hapa Nakuru hakuna malaria, ni baridi tu imemwingia. Mpe dawa ya maumivu, umfunike." Siku ya pili aliomba ruhusa ampeleke mtoto zahanati. Mkubwa wa zamu hakuwa mtu mbaya, lakini watu walikuwa wachache na hapakuwa na wa kushika mahali pake, akaambiwa angoje kesho. Mama naye alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na nauli hakuwa nayo.

Usiku wa siku ya tatu mtoto akashikwa na degedege. Walipofika hospitali damu yake ilichukuliwa mara moja, na kabla ya nusu saa majibu yakatoka: malaria, tena nyingi mno katika damu. Sindano ikachomwa, damu ikaongezwa, lakini alfajiri mtoto akafa. Tulichanga pesa za jeneza, tukalibeba sisi wenyewe, na jeneza la mtoto si zito. Njiani hakuna aliyesema neno, lakini kila mmoja wetu alikumbuka alivyomjibu yule baba.

Swali lile lingejibiwa siku ya kwanza kwa tone moja la damu na dakika ishirini za kungoja. Ndiyo sababu tumesimama mbele yenu leo.

HOMA NI ISHARA TU

Ndugu madereva, mkiona ishara nyekundu mnasimama. Lakini ile nyekundu haikuambii kuna nini mbele. Pengine ni gari jingine njiani, pengine reli imevunjika, pengine ni ng'ombe wa watu. Lazima uulize kabla ya kwenda. Homa ya mtoto ni vivyo hivyo. Mwili umewaka moto kusema kwamba kuna adui ndani, lakini haukutaja jina lake. Malaria huleta homa. Kichomi huleta homa. Sikio bovu, mkojo wenye vijidudu, surua, homa ya uti wa mgongo, kala-azar, na mafua ya kawaida ambayo hupona yenyewe, yote huleta homa. Mama hawezi kuyatenganisha kwa kumshika mtoto kipaji, na hata mganga hodari hawezi siku zote.

Basi ni nini tunachofanya sisi? Tunakwenda duka la dawa, tunasema, "Nipe ya malaria ya mtoto." Tunapewa. Mtoto asipopona tunarudi, tunasema, "Nipe ya taifodi." Kila safari tumelipa, na kila safari siku zimepita. Huko ni kurekebisha injini bila kufungua kifuniko.

Mwaka 2010 Shirika la Afya la Dunia lilitoa agizo kwamba kila mtu anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo apewe dawa, awe mkubwa au mtoto. Serikali yetu ya Kenya nayo imelifuata agizo hilo. Kwa hiyo mzazi anayesema "Mpimeni kwanza" hasumbui mtu. Anadai lililo haki yake.

WOGA WA KUTOA DAMU

Akina mama wengi wametuambia, "Mtoto hana damu ya kutosha, na bado mnataka achukuliwe nyingine?" Hatuwacheki. Wazee wetu siku za Waingereza walisimuliana habari za mumiani. Nairobi na Kisumu watu waliogopa hata gari la wazimamoto, wakisema kwamba usiku linakamata watu na kuwanyonya damu. Woga ule ulikuwa na sababu zake, maana watu walichukuliwa kazi bila hiari na kupimwa bila kuelezwa neno. Mtu asiyeelezwa hujielezea mwenyewe.

Sasa tuhesabu. Mtoto wa kilo 10 ana damu ya mililita 750 hivi, au zaidi kidogo. Kipimo cha malaria hutaka tone moja la kidole, au tone la kisigino kwa mtoto mchanga. Vipimo vikubwa huchukuliwa kwenye mshipa, navyo kwa kawaida ni mililita 1 hata 5. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Mwili huirudisha hiyo wenyewe bila mtoto kujua. Na malaria yenyewe, ikiachwa, huvunja chembe nyekundu za damu kwa maelfu na maelfu kila siku. Hiyo ndiyo mumiani wa kweli.

Mtoto atalia, ni kweli. Mzazi amshike kwa nguvu na amwambie maneno mazuri. Wazee walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Lakini mzazi naye ana haki ya kuuliza mambo matatu: Damu hii yachukuliwa kutafuta nini? Majibu yatatoka lini? Na sindano hii ni mpya? Mpimaji mzuri hatakasirika. Atafungua karatasi mbele yako.

VIPIMO VYA MALARIA

Vipimo vya malaria tunavyoviona sana ni viwili.

Cha kwanza ni cha kioo na darubini. Daktari Mfaransa Laveran aliviona vijidudu vya malaria katika damu ya askari kule Algeria mwaka 1880, na mpaka leo kazi ni ile ile. Tone la damu huwekwa kwenye kioo, hukaushwa, hutiwa dawa ya rangi, kisha mpimaji huangalia. Tone nene humwambia kama vijidudu vipo, na tone lililotandazwa jembamba humwambia ni vya aina gani. Kipimo hiki kina faida moja kubwa: huhesabu. Mganga hujua kama vijidudu ni vichache au ni vingi, na baada ya dawa hujua kama vinapungua. Lakini kinataka mtu aliyefundishwa, macho yasiyochoka, na darubini safi.

Cha pili ni kipimo cha haraka, kile kibao kidogo cheupe. Tone la damu na matone ya maji yake, ungoje dakika 15 hata 20. Mstari mmoja, ule wa kuhakikisha kwamba kibao ni kizima, maana yake malaria haikuonekana. Mistari miwili, malaria ipo. Kama mstari wa kuhakikisha haukutokea, kibao ni kibovu, kitupwe kichukuliwe kingine. Hiki hakitaki umeme wala darubini, na zahanati ndogo yaweza kukitumia.

Lakini kila chombo kina kasoro yake, na ni vizuri tuzijue. Kibao cha haraka, katika aina zinazotumika sana, hutafuta kitu kinachoachwa na vijidudu katika damu, na kitu hicho chaweza kukaa majuma kadhaa baada ya mtoto kupona. Kwa hiyo mtoto aliyetibiwa malaria mwezi huu, akipata mafua mwezi huu huu, kibao chaweza kuonyesha mistari miwili na malaria haipo. Hapo mwambieni mganga, "Alitibiwa tarehe fulani," naye atatumia darubini. Tena, damu ikipimwa mapema sana vijidudu vyaweza kuwa vichache visionekane. Homa ikiendelea, rudini apimwe mara ya pili. Kuonekana safi leo si ahadi ya kesho.

Na likitoka jibu kwamba malaria ipo, dawa ya vidonge iliyo ya kwanza hapa Kenya ni AL, mara sita katika siku tatu. Wengi wetu mtoto akichangamka siku ya pili tunaacha, tunaweka vidonge juu ya kabati kwa ajili ya mtoto mwingine. Huko ni kumwacha adui nusu hai. Maliza zote.

NAKURU NA NJIA YETU

Sasa turudi kwa neno letu baya, "Nakuru hakuna malaria."

Ni kweli nusu. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,850, na baridi yake haipendwi na malaria. Vijidudu vya malaria vinapokuwa ndani ya mbu hutaka joto. Chini ya nyuzi 18 hivi hukua polepole sana au havikui. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa na kukaa hapa hapa, asiende popote, mara nyingi homa yake si malaria.

Lakini sisi ni watu wa njia. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwisho wa mwaka 1901 ikafika ziwani, mahali panapoitwa sasa Kisumu. Tangu siku zile watu wetu hupanda na kushuka. Kisumu iko mita 1,130 tu, na Muhoroni nayo iko chini huko, penye joto, miwa na mbu. Mtoto akiumwa na mbu kule, homa hutokea baada ya siku 7 hata 14, pengine zaidi. Kwa hiyo anaumwa Muhoroni, anaugua Nakuru. Basi la jioni au gari moshi limemleta, na malaria haikukata tikiti.

Tena msidhani milima ni ukuta. Mwaka 1945 Daktari Garnham aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za malaria iliyozuka mahali pa juu sana hapa Kenya. Waliochunguza historia ya malaria katika nyanda zetu za juu wametaja njia ya reli, barabara, mashamba makubwa na safari za wafanya kazi kuwa baadhi ya mambo yaliyoipandisha. Na mtoto wa nyanda za juu ana hatari zaidi, maana mwili wake haujazoea malaria kama wa mtoto wa ziwani. Ikimwingia humwangusha upesi.

Basi tukumbuke hili: ukifika zahanati usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe, "Mtoto huyu alikuwa mahali fulani, akarudi tarehe fulani." Maneno hayo ni nusu ya kipimo.

MTOTO WA MARIGAT

Kuna habari nyingine, na hii ina mwisho mwema.

Mwenzetu mmoja wa karakana alimpeleka mwanawe wa miaka mitano kwa bibi yake karibu na Marigat, katika Baringo, likizo ya Aprili. Huko mtoto alicheza na wenzake kwenye vichuguu vya mchwa, kama watoto wote. Mwezi wa Julai, hapa Nakuru, akaanza homa. Akanunuliwa dawa ya malaria bila kupimwa. Homa haikuondoka. Katika kliniki moja damu ikapimwa, wakaambiwa ni taifodi, wakatumia dawa majuma mawili. Homa haikuondoka. Wakapewa tena dawa ya malaria, safari hii ya sindano. Kufika Septemba mtoto alikuwa mifupa mitupu na tumbo limevimba upande wa kushoto, akitoka damu puani. Baba alikuwa amekopa kila mahali, hata kwenye sanduku letu la kusaidiana. Jirani wakaanza kusema kwamba amerogwa.

Muuguzi mmoja wa zahanati alipomwona alimshika tumbo, kisha akauliza swali moja tu: "Mwaka huu mtoto huyu amelala wapi zaidi ya hapa?" Baba akasema Marigat. Muuguzi akamwandikia barua siku ile ile aende hospitali. Huko tone la damu liliwekwa kwenye kibao, namna ile ile ya kibao cha malaria, lakini hiki kinatafuta kala-azar. Mistari ikawa miwili.

Kala-azar huletwa na usubi wa mchanga, mdudu mdogo kuliko mbu, anayejificha katika nyufa na vichuguu. Baringo ni mojawapo ya nchi zake hapa Kenya, na pale Kimalel, karibu na Marigat, kuna kituo cha afya kinachojulikana kwa kuutibu. Ugonjwa huu usipotibiwa karibu kila mara huua. Lakini dawa ipo: tangu mwaka 2010 Shirika la Afya la Dunia limekubali kwa Afrika Mashariki sindano za namna mbili zikitumiwa pamoja kwa siku 17. Mtoto yule alichomwa siku zote 17. Leo yuko shule, na tumbo lake ni kama la wenzake.

Angalieni, ndugu. Damu yake ilikuwa imepimwa kabla, si kwamba haikupimwa. Lakini iliulizwa swali lisilo lake. Damu hujibu lile inaloulizwa tu. Mtu akikwambia, "Tumepima damu, hakuna kitu," muulize, "Mmetafuta nini?"

TAIFODI YA KILA MTU

Tuseme na hili la taifodi, maana limemaliza pesa za wengi.

Kipimo kinachotumiwa mara nyingi huitwa Widal, kwa jina la Mfaransa aliyekitoa mwaka 1896. Hakitafuti kijidudu cha taifodi chenyewe. Hutafuta askari ambao mwili umewatengeneza kupigana nacho. Lakini askari hao wanaweza kuwapo kwa sababu ya ugonjwa wa zamani, au wa jamaa yake, au chanjo. Kwa hiyo Widal moja, iliyofanywa mara moja, haithibitishi taifodi. Kipimo cha kuaminiwa zaidi ni kuotesha damu: damu huwekwa katika chupa yenye chakula cha vijidudu, hungojewa siku kadhaa, na kikiota kijidudu huonekana ni kipi na hupatikana dawa inayokiua. Hasara yake ni siku na gharama, tena hufanywa katika hospitali kubwa. Na damu hiyo ichukuliwe kabla mtoto hajameza dawa ya kuua vijidudu, kama yawezekana, maana baada ya hapo vyaweza kukataa kuota. Hii ni sababu nyingine ya kuacha kununua vidonge nusu nusu dukani.

Hali ni hiyo hiyo kwa brusela, ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe na mbuzi. Vipimo vya haraka vyaweza kukosea. Lakini kinga yake haitaki maabara: chemsheni maziwa. Sisi tunaoletewa maziwa mabichi kutoka nyumbani tusione haya kuyachemsha mbele ya wageni.

WATOTO WACHANGA NA VIRUSI VYA UKIMWI

Hili tunalisema wazi, maana kunyamaza kumeua.

Mama mwenye virusi vya ukimwi akizaa, mtoto huwa na askari wa mama katika damu yake, hata kama virusi havikumwingia. Askari hao huweza kukaa mpaka miezi 18. Kwa hiyo kipimo cha kawaida cha watu wazima hakiwezi kumwambia mama ukweli wa mtoto mdogo. Wako waliokata tamaa bure kwa sababu hiyo. Kwa watoto hao kuna kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe. Akifika majuma 6 matone machache ya kisigino huwekwa kwenye karatasi maalum, hukaushwa, na karatasi hutumwa maabara kubwa kama kifurushi chenye hati yake. Kisha mtoto hupimwa tena baadaye, maana ananyonya. Akiwa navyo, dawa zianzishwe mara moja, na mtoto anayeanza mapema hukua kama wengine. Mama akimeza dawa zake vizuri na mtoto akipewa zake za kinga, watoto walio wengi sana hawapati kabisa.

Mume anayemzuia mkewe kwenda kuchukua majibu hayo hamlindi mtu. Anajilinda uso wake, na mtoto ndiye hulipa.

MAHALI AMBAPO DAMU HAISEMI

Tusije tukatoka hapa tukiabudu vipimo. Kuna ugonjwa unaoua watoto wengi ambao dalili yake ya kwanza haipimwi kwa damu, nao ni kichomi. Huu hupimwa kwa saa. Nasi watu wa reli tuna saa! Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 au zaidi ni mbio mno. Wa mwaka 1 mpaka 5, pumzi 40 au zaidi ni mbio mno. Kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, usingoje, nenda.

Tena kuna dalili ambazo zikitokea hakuna habari ya kungoja kesho, kipimo kiwe kimesema nini: mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, amelegea au haamki. Hospitali, usiku ule ule.

Tulisoma habari za Kilifi, huko pwani. Kati ya mwaka 1998 na 2002 waganga wa hospitali ya Kilifi waliotesha damu ya watoto waliolazwa, maelfu kwa maelfu. Waliona kwamba zaidi ya robo ya watoto waliofia hospitalini walikuwa na vijidudu vya bakteria katika damu, kuliko hata waliouawa na malaria. Wengi wao walikufa upesi baada ya kulazwa. Lakini kazi ile haikupotea. Vijidudu vilivyoota katika chupa zile vilionyesha ni chanjo zipi zinazotakiwa. Chanjo ya Hib iliingia katika chanjo za watoto wa Kenya mwaka 2001, na ile ya pneumokoka mwaka 2011. Watoto wetu wanaochomwa Nakuru leo wanakula matunda ya damu iliyotolewa na watoto wa Kilifi. Basi kadi ya chanjo isikae tupu.

TUFANYE NINI

Kwanza, kila nyumba. Homa ya mtoto ipimwe siku ile ile au kesho yake, isipite hapo. Andikeni katika daftari ndogo: tarehe homa ilipoanza, mtoto alikosafiri, dawa alizopewa, vipimo alivyopimwa na majibu yake. Daftari hiyo iende naye kila mahali. Gari halitoki stesheni bila hati. Mtoto mgonjwa naye asitoke bila hati.

Pili, bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ilichukua mahali pa NHIF, na kila mwezi tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Pesa zimekwisha katwa. Lakini wako kati yetu ambao hawajaandikisha watoto wao. Msingoje siku ya degedege.

Tatu, na hili ndilo la Chama. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mfanya kazi, baada ya miezi miwili ya kazi, likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Lakini hiyo ni akiugua yeye mwenyewe. Mtoto akiugua, hakuna neno. Yule mwenzetu wa genge hakukosa upendo, wala hakukosa akili. Alikosa saa tatu. Tunataka katika mapatano yajayo kiandikwe kifungu: mzazi mwenye mtoto mdogo mwenye homa apewe nusu siku ampeleke akapimwe, bila kukatwa, na aonyeshe karatasi ya zahanati akirudi. Tena tukubaliane sisi kwa sisi kushikiana zamu. Watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, tutawauliza jeneza la mtoto lina uzito gani.

Nne, sanduku letu la kusaidiana lifunguliwe kwa nauli ya zahanati bila kungoja mkutano. Ni afadhali sanduku litoe nauli kuliko kutoa mbao.

Ndugu, yule baba bado yuko kazini pamoja nasi. Yuko hapa leo, na ndiye aliyetupa ruhusa kusimulia habari yake. Alisema jambo moja tu: tusiseme kwamba ilikuwa bahati mbaya. Nasi hatukusema hivyo. Kama ingekuwa bahati, tungenyamaza. Lakini ni jambo linaloweza kutengenezwa, na kutengeneza ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Sasa maswali.